Nyimbo Zangu za Vuli

 

Novemba imeshaingia. Jamaa zetu walioko Uingereza na Canada mwezi huu wanatupigia simu wakiwa wamevaa makoti ndani ya nyumba. Wanatuambia saa kumi na moja jioni giza limeshatanda, majani yameshapukutika, na kila mtu ana nyimbo zake za kusikiliza akiwa kajifunika blanketi. Sisi visiwani hatuna majani ya kupukutika. Miembe yetu ndiyo kwanza imebeba. Lakini hata kwetu Novemba ina hali yake, na aliyekulia hapa anaijua.

Huu ni mwezi wa vuli. Kusi imeshachoka, kaskazi bado haijashika. Wazee wa pwani wanakiita kipindi hiki maleleji, au tanga mbili, kwa sababu upepo unageukageuka, leo unatoka huku na kesho kule. Mvua inapiga alfajiri mpaka humsikii mwenzio chini ya bati, na saa nne jua linawaka kama halijawahi kutoka wingu. Nguo unaanika na kuanua mara tatu kwa siku. Kule Pemba, mwenye karafuu jamvini hawezi hata kulala mchana, maana karafuu zinataka siku kadhaa za jua ndipo zikauke, na mvua moja tu ikizikuta nje zinaharibika.

Moyo nao Novemba unakuwa hivyohivyo. Unaamka una furaha, ukifika adhuhuri umemkumbuka mtu aliyetangulia mbele ya haki, na hujui umkumbuke kwa kucheka au kwa kulia. Kwa miaka sasa nimejiwekea nyimbo zangu za mwezi huu, na nikizitazama naona zote zinafanana kwa jambo moja: zinabeba furaha na huzuni kwa pamoja. Leo nataka kuwahadithia nyimbo hizo. Nasema hasa na nyinyi mabiharusi watarajiwa mnaopanga harusi za Disemba, skuli zikifungwa na jamaa wakija kutoka bara na Arabuni.

Kabla ya wimbo, dua

Sauti ya kwanza ya vuli kwangu si wimbo. Ni sauti ya mama akikinga ndoo chini ya mchirizi huku anasoma ile dua iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), ya kumuomba Allah aijaalie iwe mvua yenye manufaa. Mama anaisoma kwa sauti, kama anamwambia mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Sisi watoto tuliihifadhi kabla ya kujua maana yake.

Wanazuoni wanautaja wakati wa mvua kuwa miongoni mwa nyakati zinazotarajiwa dua kujibiwa. Basi, dada yangu, mvua ikipiga usikimbilie simu kutafuta wimbo. Anza na haja zako. Mwenye kutafuta mume mwema aombe, mwenye kutafuta mtoto aombe, mwenye mzazi kitandani aombe. Wimbo utasubiri.

Siti, na mwanamke asiyerudi kwao

Wimbo wa kwanza ninaoutafuta kila Novemba ni "Kijiti" wa Siti binti Saad. Tarehe 25 mwezi huu ni siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na kuanzia hapo mpaka tarehe 10 Disemba ndizo zile Siku 16 tunazoziona kwenye mabango. Nikiyaona mabango hayo namkumbuka Siti, maana kisiwa hiki kilikuwa na mwanamke aliyeyasema haya kwa sauti yake zamani sana.

Wengi mnaijua hadithi yake. Alizaliwa Fumba kwa wazee waliokuwa watumwa, na yeye mwenyewe akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu mjini, na sauti yake ya kunadi vyungu ndiyo iliyomtambulisha kwa watu. Mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay na wenziwe kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mtoto aliyeitwa Mtumwa akafa mwaka 1950 akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

"Kijiti" ni habari ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, akauliwa. Muuaji alikimbilia bara, na wanawake wenzake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Watu walimfuata Siti kwa kustarehe, na katikati ya starehe akawapa msiba wa mtu ambaye serikali ilimsahau. Jina la Kijiti mpaka leo linatajwa kwa aibu, na sababu ni wimbo tu. Siti Muharam, kitukuu wake, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake mwaka 2020. Asiyeweza kustahamili mikwaruzo ya santuri za zamani aanzie hapo.

Na ukishamsikiliza Siti, huwezi kumwacha Bi Kidude, Allah amrehemu, aliyetutoka Aprili 2013. Yeye alitufundisha kwamba sauti ya mwanamke haina haja ya kuwa laini ndipo iwe nzuri.

Beti unayoinuka nayo

Jioni za vuli, mvua ikishakatika, ukipita Vuga karibu na jengo la Culture Musical Club unaweza kusikia fidla zinajaribiwa, ganuni inafuata, kisha mtu anakohoa na wanaanza upya. Mie napenda kusikia taarab kwa namna hiyo, kutoka njiani, bila kumuona mwimbaji.

Taarab ya zamani ina adabu yake. Mtu anaimba kuhusu bahari, ua au ndege, na kila aliyekaa anajua anasemwa nani. Na mnajua wenyewe mambo ya kutunza. Mwanamke anakaa kimya saa nzima, hajigusi. Inapokuja beti fulani anainuka taratibu, noti iko juu mkononi, anakwenda mbele anamtunza mwimbaji. Ukumbi mzima unajua sasa ana nini moyoni. Hakusema neno na hakumtukana mtu. Amechagua beti tu.

Nimewahi kumuona mama wa makamo akiinuka kwenye beti ya mtu anayesubiri chombo kisichorudi. Alitunza, akarudi kukaa, akaendelea kula halua yake. Baadaye nikasikia kuwa mumewe alikwenda Arabuni na miaka inapita. Hakuwa na mahali pengine pa kulisema lile mbele za watu, na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwani alikwenda kusikiliza taarab kama wengine.

Mjane wa Siu

Novemba pia nasoma Utendi wa Mwana Kupona, au naupata kwa sauti ya mtu anayejua kuughani. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kule Pate kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, na alikuwa mgonjwa. Anamwita mwanawe akae karibu, aje na wino na karatasi, kisha anamuusia: dini, adabu, ulimi, mume, nyumba.

Wengi wetu tumeukutia skuli, tukahifadhi majibu ya mtihani na kuusahau. Kuna sehemu ambazo wasichana wa leo huzisoma wakakunja uso, hasa zile za utiifu kwa mume, na mazungumzo hayo ni halali yao. Lakini ukiusikia ukiimbwa, huku ukijua kuwa mwenye kuusia ni mama mgonjwa asiye na mume tena, utasikia jambo jingine kabisa. Utasikia mama anayeogopa kumwacha mtoto wa kike peke yake duniani, na hana cha kumwachia ila maneno. Miaka michache baadaye alifariki. Maneno yake bado tunayo.

Wimbo huu niliuelewa vizuri mwaka tulioozesha mdogo wangu.

Harusi ndani ya eda

Baba yetu alifariki mwisho wa Agosti. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imepangwa Novemba. Bwana harusi anafanya kazi Muscat, na ruhusa yake ilikuwa wiki tatu tu, asipoozwa mwaka ule basi mpaka mwaka ujao. Mama alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, na eda yake isingekwisha mpaka Januari.

Nyumba ikagawanyika. Shangazi yetu, dada wa marehemu, alisema kilio bado kibichi, harusi ighairishwe. Mashoga wa mdogo wangu walikuwa wameshatoa arubuni kwa kikundi cha rusharoho, na walisema biharusi hana kosa. Mdogo wangu mwenyewe akawa hasemi kitu. Alikuwa anakaa chumbani na singo yake haijatwangwa, yasmini zinakauka kwenye sinia.

Mama ndiye aliyekata maneno. Alisema akiwa chumbani mwake, mlango wazi: "Baba yenu alishatoa neno. Neno lake halirudi nyuma kwa sababu yeye hayupo." Kaka yetu akawa walii. Lililobaki likawa swali la nyimbo: kutaimbwa nini katika nyumba yenye mjane?

Mwalimu wetu wa madrasa ndiye aliyetutoa kwenye tatizo. Alikuja na hadithi ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuifikiria. Imo katika Sahih Bukhari, na anayeisimulia ni bibi harusi mwenyewe, Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.). Anasema Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwendea asubuhi ya harusi yake akakaa, na wasichana walikuwa wanapiga dufu wakiwaimba wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akaingiza maneno kwamba miongoni mwao yuko Mtume anayejua ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aendelee na aliyokuwa akiyasema.

Mwalimu akatuuliza: "Waliokuwa wanaimbwa ni nani?" Tukajibu, mashahidi wa Badr. Akasema: "Na baba yake biharusi ni katika hao." Mu'awwidh aliuawa Badr. Rubayyi' aliolewa hana baba, na siku ya harusi yake baba yake aliimbwa kwa dufu mbele ya Mtume. Alichokatazwa yule msichana ni kumzidishia Mtume sifa isiyo yake. Kuwataja marehemu hakukukatazwa, bali waliambiwa waendelee.

Shangazi alikuwa wa kwanza kulia. Kisha akasema, basi na yafanyike maulidi.

Tukafanya maulidi ya wanawake, usiku wa Alkhamisi, mvua ikinyesha. Najua wako wasiosoma maulidi, na khitilafu hiyo naiheshimu. Nasimulia yaliyokuwa nyumbani kwetu. Hapakuwa na spika. Palikuwa na matwari manne, sauti za wanawake, na bati linalopigwa na mvua. Baada ya Barzanji zikaimbwa kasida, na katika kasida moja wakamtaja baba kwa jina wakimuombea dua, kisha wakamtaja bwana harusi na kumuombea heri. Majina mawili, kwa sauti moja, kwa dufu moja.

Tuliposimama, msichana wa jirani alipita na mrashi akiwanyunyizia watu. Alipofika mlangoni kwa mama alisita. Mwenye eda hatii manukato. Alimtazama mama, mama akamwonesha kwa kichwa apite. Akapita, akammwagia mdogo wangu kichwani mpaka ushungi ukalowa, na mama akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza nilimuona akitabasamu tangu Agosti.

Wageni walipoondoka mdogo wangu alikwenda kulala chini ya kitanda cha mama, kwenye mkeka, kama alivyokuwa mdogo. Mama akaanza kumuimbia wimbo wa kubembeleza. Ni ule aliotubembelezea sote, wa mtoto anayeambiwa anyamaze kwa sababu baba katoka na akirudi atamletea kitu. Alipofika kwenye maneno ya baba kurudi, alinyamaza. Tulikaa kimya. Kisha mdogo wangu akamalizia yeye ubeti, kwa sauti ndogo, hina bado haijakauka vizuri mikononi mwake.

Kwa mabiharusi wa Disemba

Tangu mwaka ule, mtu akiniuliza habari za nyimbo za harusi yake, sianzi na bendi wala na bei. Namuuliza: nani hatakuwepo? Karibu kila nyumba ina mtu asiyekuwepo. Baba aliyefariki, bibi aliyekulea, dada aliye ng'ambo asiyepata ruhusa, hata mama aliyeachwa ambaye upande wa pili hawakumwalika. Ukipanga nyimbo kana kwamba huyo hajawahi kuwepo, atakujia mwenyewe wakati wa kupiga picha, na hapo ndipo biharusi analia wanja unachirizika na hakuna anayejua la kufanya. Mpe nafasi yake. Kasida moja, dua moja, jina lake litajwe. Mwambie kiongozi wa kikundi siku kadhaa kabla, umwandikie jina sawasawa na jina la baba yake.

La pili, sikiliza maneno ya kila wimbo kabla hujauruhusu. Wanazuoni wamekhitilafiana katika ala za muziki, na kila mmoja amuulize mwalimu anayemuamini. Lakini katika maneno machafu na kejeli hakuna khitilafu. Rusharoho ya kumpasha wifi au jirani siku ya harusi yako, utaishi nayo muda mrefu kuliko keki. Wifi huyo ndiye atakayekupokea kesho.

La tatu, faragha. Wanawake wakiimba na kucheza wenyewe kwa wenyewe, simu ziwekwe kikapuni mlangoni. Wekeni mama mmoja mwenye heshima zake akisimamie, maana wasichana hawaambiani. Wimbo ulioimbwa ndani ubaki ndani.

Na kama unataka wimbo wa kuingilia ukumbini usio na maneno ya kukutia mashaka, "Baraka Allahu Lakuma" wa Maher Zain bado unapendwa, nao umejengwa juu ya dua ya kuwaombea baraka maharusi. Umo katika albamu yake ya kwanza, iliyotoka Novemba 2009. Naona nao ni wimbo wa vuli kwa haki yake.

Mama alimaliza eda Januari. Mdogo wangu sasa ana mtoto wa kike Muscat, na siku moja alinipigia simu nikasikia nyuma yake anabembeleza. Wimbo ni uleule. Alipofika kwenye maneno ya baba kurudi hakunyamaza. Aliimba mpaka mwisho, maana baba wa mtoto yule anarudi kutoka kazini kila magharibi, alhamdulillah.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape subira wenye eda, na awaunganishe kwa kheri wote wanaooana msimu huu. Ameen.

Na wewe mwenzangu, mvua ikipiga bati na moyo ukawa mzito bila sababu, unaimba nini?